Jifunze kutua tanga kabla ya kulitweka: mwongozo kwa anayeanza ubaharia wa tanga Mwanza

Kila likizo ya Juni ikikaribia, maswali ni yaleyale. Nitashika usukani siku ya ngapi? Asiyejua kuogelea anaruhusiwa? Ziwa si bahari, mbona mnatutisha? Na la mwisho huulizwa na wale walioona kwenye simu picha za meli kubwa zenye milingoti mitatu: nikijifunza hapa Mwanza, kule nitafika? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika yote hapa kwa mpangilio wa kazi tunavyoifanya mwaloni, pale mashua na mitumbwi inapoegeshwa.

Mashua ninayoizungumzia ni ya mbao, urefu wa mita 7 hivi, mlingoti mmoja, foromali moja na tanga la pembe tatu. Inachukua watu watano: nahodha, mtu wa henza, mtu wa goshi, mtu wa demani na mfua maji. Kama majina haya ni mageni kwako usijali, yanakuja. Swali la usukani nalijibu mapema ili asiyetaka kusubiri aondoke mapema: usukani ni wa mwisho.

Kabla hujaja

Lazima ujue kuogelea. Si kwa madaha, ila uweze kwenda mita 50 na kuelea dakika kumi bila kushika kitu. Kama hujui, tafuta mtu akufundishe kwenye bwawa la kuogelea, sio kwenye matete ya ufukweni. Maji yaliyotulia kwenye majani ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Ukishawahi kuchezea maji hayo, nenda kituo cha afya ukapime. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi.

Ukiwa hujafika miaka 18, njoo na mzazi au mlezi, au barua yake yenye namba ya simu tutakayoipigia. Tutaipiga kweli.

Vitu vya kubeba:

- Jaketi okozi, lile wengi tunaloita laifujaketi, la saizi yako. Livae, funga mikanda, kisha mwambie mwenzako alinyanyue kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litakuvuka.
- Kisu kidogo chenye makali, kilichofungwa kiunoni kwa uzi.
- Kamba ya mita 2, unene wa kidole, ya kufanyia mazoezi nyumbani.
- Shati la mikono mirefu na kofia yenye kamba ya kidevuni. Ziwa letu, Victoria, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua linakupiga mara mbili, juu na chini.
- Raba nyepesi zinazofungwa. Yeboyebo na kandambili ziache nyumbani, zinateleza kwenye mbao zenye maji.
- Maji ya kunywa lita 2.
- Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, yenye namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi.

Pete, mikufu na skafu usije navyo. Kamba inayokimbia haichagui kati ya mbao na kidole.

Ziwa lenyewe, kwa kifupi

Nadharia sina nyingi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi ikishapata moto, upepo hugeuka na kuingia kutoka ziwani. Wavuvi wa tanga wamekula kwa ratiba hiyo miaka yote: asubuhi upepo unakutoa, alasiri unakurudisha. Kati ya nyakati hizo mbili kuna saa ambayo tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Usishangae. Kula muhogo wako, usubiri.

Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, upepo huwa mkavu na wenye nguvu, na mawimbi yetu ni mafupi yaliyosimama. Yanapiga moja juu ya jingine kabla mashua haijapumua. Radi na dhoruba nyingi za ziwa hili huzaliwa usiku na huweza kuendelea hadi asubuhi, hasa misimu ya mvua. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni, na asubuhi tazama upeo wa ziwa kwa macho yako. Anayesema ziwa si bahari aulize wazee wa hapa kuhusu tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Au kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka. Zile zilikuwa na injini.

Hatua zenyewe

1. Jifunze majina kwa mikono.

Siku ya kwanza hatutoki. Mashua iko mchangani na wewe umo ndani. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na chini kwenye maji machafu ni ngama. Mti uliosimama ni mlingoti. Mti mrefu unaobeba tanga ni foromali. Kamba inayopandisha foromali ni henza. Kamba inayofunga pembe ya mbele ya tanga ni goshi. Kamba ya pembe ya nyuma, ile inayoamua tanga lishike upepo kiasi gani, ni demani. Mti unaoshikwa na nahodha ni kana. Upande unakotoka upepo ni joshi.

Maneno haya mengi yametoka pwani pamoja na tanga lenyewe. Kirumba mwaloni utawasikia wengine wakisema tu "kamba ya kuvutia" na "kamba ya nyuma". Jua yote mawili, lakini kwenye mashua moja itumike lugha moja. Ukishayashika, nitakufunga kitambaa machoni na kukwambia: nipe henza. Ukinipa goshi, tunaanza upya. Si ukatili. Dhoruba ikija usiku, kitambaa kiko machoni pa kila mtu.

2. Mafundo matatu, si kumi.

La kwanza ni kitanzi kisichokaza. Tengeneza tundu dogo kwenye kamba, ingiza ncha kutokea chini, izungushe nyuma ya kamba ndefu, irudishe kwenye tundu lilelile, kaza. Kitanzi hiki hakibani hata mtu mzima akining'inia, na baadaye kinafunguka kwa vidole. La pili ni fundo la nane kwenye ncha ya kamba, ili isichomoke kwenye tundu. La tatu ni kuzungusha kamba kwenye nguzo mara mbili kisha kufunga vifundo viwili vya nusu.

Fanya kila moja mara mia nyumbani, ukiwa unaangalia mpira kwenye runinga. Ukiweza kulifunga bila kutazama na mikono imelowa, umeliweza.

3. Kutua tanga.

Hapa ndipo wanafunzi wananishangaa, maana kutua ni kushusha tanga, na kila mtu anataka kulitweka, yaani kulipandisha. Nami nasema hivi: kwenye ziwa hili anayejua kutweka tu ni abiria, hata kama ana misuli.

Nikiwa na miaka 19 tulikuwa tunarudi kutoka upande wa kisiwa cha Kome, watu wanne, samaki wachache. Wingu jeusi lilikaa mbali kwa muda mrefu hadi tukalizoea. Kisha ukaja upepo wa baridi, ule unaotangulia mvua, na nahodha akapiga kelele tue. Henza haikufunguka. Ilikuwa imefungwa fundo la kukazana, kamba imelowa, na tanga zima linaivuta. Mashua ikalala ubavu hadi maji yakaanza kuingia kama yanamiminwa. Nahodha akaikata henza kwa panga la samaki, foromali ikashuka na kunivunja kidole. Aliyefunga fundo lile ni mimi.

Basi, mpangilio ni huu, na tunaurudia mashua ikiwa bado imefungwa ufukweni hadi uingie mwilini:

a) Nahodha anaita "Tua!" na kila mtu anajibu. Kimya si jibu.

b) Demani inaachiwa kwanza. Tanga likipoteza upepo linakuwa nguo tu.

c) Mtu wa henza anaondoa vifungo, lakini anabakiza mzunguko mmoja kwenye nguzo ili ashushe kwa kiasi. Haachii ghafla, na hazungushi kamba mkononi mwake kamwe.

d) Waliobaki wanalivuta tanga ndani ya mashua. Likidondokea majini linakunywa maji na kugeuka nanga ya upande mmoja.

e) Foromali inafungwa ili isigaragare.

Lengo langu kwa kundi jipya ni sekunde 20 kutoka neno hadi foromali kulala. Wakifika 20, nawaambia warudie wakiwa wamekaa upande usio wao.

Onyo: upepo ukilibana tanga kwenye mlingoti, yaani mashua imegeuka vibaya na tanga linasukumwa upande wa mti, foromali haishuki hata mkiivuta wote. Kwanza nahodha ageuze omo kidogo hadi tanga liachane na mlingoti, ndipo mtue.

4. Kutweka.

Sasa ruksa. Omo utazame upepo, demani iwe huru, goshi ifungwe. Watu wawili wavute henza kwa pamoja, kwa wimbo au kwa hesabu. Mimi napendelea wimbo kwa sababu mtu akichoka anasikika. Vuta kwa uzito wa mwili, usivute kwa mikono peke yake. Ikifika juu, zungusha kwenye nguzo na ufunge fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kamba iliyobaki ipangwe kwa mizunguko, isitupwe miguuni.

5. Toka mwaloni ukiwa mfua maji.

Safari zako tatu za kwanza kazi yako ni kidumu kilichokatwa, au "upo", chombo cha kutolea maji, kama tunaye mzee wa pwani siku hiyo, na macho. Unafua maji kabla hayajafika kwenye mbao za kukanyagia, na unatazama mbele. Unatazama nini? Maboya ya nyavu za sangara, mara nyingi chupa na madumu ya plastiki. Magugumaji, ambayo yanaweza kuhama usiku mmoja na kuziba mwalo mzima. Na mawe. Ghuba ya Mwanza ina mawe yanayojionyesha, kama Mwamba wa Bismarck unaopigwa picha na kila mgeni, na mengine yamejificha kidogo tu chini ya maji. Jifunze kuona maji yanapobadilika rangi au kuchemka mahali pamoja bila sababu.

Ukiona kitu, usipige tu kelele "angalia!" Sema ni nini, kiko upande gani, kiko mbali kiasi gani: "Jiwe, joshi, mashua tatu," yaani umbali wa urefu wa mashua tatu. Nyooshea mkono hadi nahodha ajibu.

6. Shika demani.

Kanuni ni moja: demani haifungwi, inashikwa. Unaruhusiwa kuipitisha kwenye nguzo mzunguko mmoja ili ikupunguzie uzito, lakini ncha iko mkononi mwako saa zote. Legeza hadi upande wa mbele wa tanga uanze kupepea, kisha vuta kidogo hadi uache. Hapo ndipo penyewe. Upepo ukizidi ghafla, legeza kwanza, uliza baadaye. Sijawahi kumgombeza mtu kwa kulegeza mapema.

Kosa la kawaida: kuvuta sana kwa kudhani tanga lililokaza ndilo lenye mbio. Mashua inalala, inakwenda pembeni kama kaa, na wewe unachoka bure.

7. Kubisha na kupindua tanga.

Unakotaka kwenda kukiwa ndiko unakotoka upepo, mashua haiendi moja kwa moja. Inabisha, mara kulia mara kushoto. Kila mnapogeuka, tanga letu halijigeuzi lenyewe kama la boti za michezo. Linapinduliwa. Nahodha anageuza tezi kwenye upepo. Demani inaachiwa. Mtu wa goshi anafungua pembe yake na kuivuta karibu na mlingoti hadi foromali isimame wima. Mtu wa demani anaipitisha kamba yake mbele ya mlingoti, foromali inazunguka nayo, goshi inafungwa upande wa pili, demani inavutwa tena.

Ukisoma inaonekana fupi. Mara ya kwanza itawachukua dakika tano na mtagongana vichwa. Fanyeni siku ya upepo mdogo, mbali na mawe, na yeyote asiye na kazi akae chini katikati. Tanga likijaa ghafla upande mwingine, linamchukua aliyesimama. Na upepo ukiwa mkali, msipindue kabisa: tueni, geuzeni kwa makasia, twekeni upya. Wapo watakaowacheka. Waacheni.

8. Usukani.

Umefika. Pengine ni wiki ya tatu. Kana ukiisukuma kulia, omo unakwenda kushoto. Mwili utaikataa kwa nusu saa, kisha utazoea. Chagua alama nchi kavu, mnara wa simu au jabali, uifuate hiyo, usitazame omo. Sogeza kana kidogo kidogo. Msukani anayepigana na kana anaifunga mashua breki.

9. Kurudi na kutunza.

Tua tanga mapema kabla ya mwalo na umalizie kwa kasia. Kuingia kwa tanga lililojaa katikati ya mitumbwi ya watu ni kutafuta ugomvi, na ugomvi utaupata. Anika tanga, kunja kamba, fua ngama ikauke, angalia kama pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, imetoka kwenye maungio. Mwenye haraka ya kwenda kula hapa namjua: ndiye kesho atakayefua maji zaidi.

Mambo yakienda kombo

Tanga halipandi, limekwama katikati. Usiongeze nguvu. Angalia demani kama imeshikwa mahali, kisha gofia (kapi) ya juu kama kamba imetoka kwenye njia yake. Shusha, rekebisha, tweka tena.

Mashua haitaki kugeuka. Mara nyingi haina mwendo wa kutosha, au kuna magugumaji kwenye usukani. Legeza demani, mtu mmoja ayatoe kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Asiingie majini.

Mashua inalala sana upande mmoja hata kwa upepo wa kawaida. Farumi, yaani uzito wa chini, imehama. Mifuko ya mchanga irudishwe katikati na ifungwe, na watu wahamie joshi.

Unasikia kichefuchefu. Tazama nchi kavu iliyo mbali, acha kutazama simu, omba kazi. Kutapika si aibu, ila tapika upande usio wa joshi. Utaelewa kwa nini.

Mtu ameanguka. Piga kelele "Mtu majini!" Mmoja anamnyooshea kidole na haondoi macho kwake hata sekunde. Mwingine anamtupia dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko. Demani inaachiwa, tanga linatuliwa, mnarudi kwa makasia. Msijaribu kumrudia kwa tanga, mtampita. Mpandisheni kwa upande wa tezi.

Mashua imepinduka. Hesabuni vichwa, kwa sauti. Shikeni mashua, ya mbao mara nyingi huelea hata ikiwa imejaa maji. Nchi kavu inaonekana karibu kuliko ilivyo, na maji ya ziwani hayabebi mwili kama ya chumvi. Jaketi lisivuliwe kwa sababu yoyote. Yule anayesema "mimi naogelea vizuri, naenda kuita msaada", mshikeni na yeye.

Na zile meli kubwa?

Ndiyo, inawezekana. Sørlandet ya Norwei, iliyojengwa 1927, na Statsraad Lehmkuhl ya 1914 bado zinatembea kwa tanga na zinachukua vijana wanaojifunza. Kwenye mashindano ya Sail Training International, shirika la mafunzo ya vijana kwa meli za tanga, angalau nusu ya mabaharia wa kila chombo wawe na miaka 15 hadi 25. Kule foromali ni nyingi na zinakaa kama msalaba kwenye mlingoti, hivyo tanga hulifuata juu, kwa ngazi za kamba, ukiwa na mkanda wa usalama. Mabaharia hugawanywa kwa zamu, mara nyingi za saa nne, usiku na mchana. Kamba ni nyingi mno, na kila moja ina mahali pake pa kufungwa. Utaanza tena na majina, na pengine kwa kitambaa machoni.

Utahitaji pasipoti, Kiingereza cha kusikia amri, na uchunguzi wa afya. Ukitaka iwe ajira, basi ulizia kozi za msingi za usalama wa mabaharia kwenye Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Meli za kibiashara duniani zinadai vyeti vinavyofuata STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia. Barua ya kwamba umefua maji kwenye mashua yangu nitakuandikia pia, ila ukimaliza wiki ya pili na sekunde zako za kutua tanga bado ni 40, sitaiandika.